Jina Lako Likiwa Pia ni Neno: Niliyojifunza kwa Kuitwa Nahodha

Shuleni, refa akiuliza nahodha wa timu ni nani, wenzangu wote hunigeukia mimi. Sababu yao ilikuwa moja tu: jina la ukoo wetu ni Nahodha. Nimekua nalo hapa Mji wa Kale, Mombasa, na ninaandika haya kwa ajili ya kila mwenye jina ambalo pia ni neno la watu wote. Wako akina Fundi, akina Jumbe, akina Khatibu. Ushauri wangu ni huu: usilifasiri jina lako kwa kamusi kabla hujawauliza wakubwa wako.

Mimi nililifasiri kwa kamusi. Nahodha ni mkuu wa chombo cha baharini, basi nikaamini babu yake baba alishika usukani wa jahazi, akienda na kusi, akirudi na kaskazi. Nikawasimulia hivyo watu wengi, na watoto wangu pia.

Baada ya matanga ya baba niliketi na shangazi yake, nyumbani kwake Kibokoni. Sikumuuliza maana ya jina. Nilimuuliza ni nani wa kwanza kuitwa hivyo, na ni nani waliomwita. Hilo ndilo swali ninalokusihi ukaulize nyumbani kwenu. Ukiuliza maana, utapewa maana anayoijua kila mtu; ukiuliza nani alimwita nani, utapewa kisa.

"Babuyo hakupata kushika usukani, mwanangu," akaniambia. "Mwenye kujua njia alikuwa rubani. Babuyo alikuwa na fungu lake katika chombo, na bidhaa za watu akipewa yeye, aende akaziuze alete hesabu. Ndiyo watu wa bandarini wakamwita nahodha."

Nilidhani bibi amechanganya mambo. Nilipotafuta, nikaona kamusi yangu ndiyo iliyosimulia nusu. Neno hili asili yake ni Kiajemi: nav ni chombo, khoda ni bwana. Bwana wa chombo. Katika biashara ya kale ya Bahari ya Hindi, nahodha mara nyingi alikuwa mwenye chombo, au wakili wa wenye mali, na huenda asijue kusoma nyota hata moja. Mwaka 1264 mtu wa Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, jina lake Nuruddin Firuz, alijenga msikiti Somnath, katika pwani ya Gujarat, India. Maandishi ya jiwe yanamtaja kuwa nakhuda, naye alikuwa tajiri mwenye vyombo.

Aliyejua njia, yule ambaye bibi alimwita rubani, aliitwa pia mwalimu. Wareno walipopata mtu wa kuwavusha kutoka Malindi hadi India mwaka 1498, mwanahistoria wao mmoja alimwandika kwa jina la Malemo, maana ndivyo neno mwalimu lilivyofika masikioni mwao. Leo mwalimu yuko darasani, rubani amepanda ndege, na nahodha ameachiwa usukani peke yake. Aliyehifadhi ile maana ya zamani, kwetu sisi, ni bibi wa Kibokoni ambaye hakuwahi kufungua kamusi.

Ndiyo maana nasema jina la ukoo ni amana. Neno linapobadilika mitaani, jina halibadiliki nalo. Linabaki pale lilipofungwa. Siku hizi nahodha ni mvaaji kitambaa uwanjani, ni kiongozi wa chama katika hotuba za kampeni, ni mzee wa mashua anayeamua nyavu zishushwe wapi. Na methali tunayo: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Matumizi yote hayo ni halali. Lakini hakuna hata moja linalokuambia babu yako alifanya kazi gani.

Jihadhari pia na udugu wa majina. Niliposikia kwamba Waziri Kiongozi wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010 alikuwa Shamsi Vuai Nahodha, nilitaka kuanza kuhesabu vizazi papo hapo. Kisha nikaona neno hilo limeenea bahari nzima: Gujarat kuna familia za Nakhuda, Malaysia wanasema nakhoda, na Kolkata upo msikiti maarufu uitwao Nakhoda. Wote hao hawawezi kuwa jamaa zangu. Cheo kimoja kilipewa watu wengi, katika bandari nyingi.

Sasa suala la makaratasi, maana hapa ndipo nilipoumia. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Nahodha. Karani wa ofisi moja alipojaza fomu yangu nyingine akaandika Nahoda, nami nikanyamaza, nikiona herufi moja si kitu. Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tukishughulikia mirathi ya baba, herufi hiyo ilitusimamisha miezi kadhaa, tukila viapo kwa wakili kwamba Nahoda na Nahodha ni mtu mmoja. Kagua jina lako siku ile ile unayopewa karatasi, kabla hujatoka mlangoni. Kagua na la mwanao.

Na ukiulizwa tahajia ipi ndiyo sahihi, usijibu kwa mazoea, tafuta ushahidi. Wangu ulitoka sandukuni kwa bibi: hesabu za babu mkubwa, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa Mombasa. Kiajemi kina dali, herufi ya d, katika neno hili. Waarabu walipolichukua wakalitamka kwa dhali, ambayo ni dali yenye nukta juu, na sisi tukalipokea kupitia kwao, kisha kha tukailainisha ikawa ha, kama tulivyofanya kwa khabari na habari. Babu ametia sahihi chini ya kila ukurasa. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai na wino umefifia, lakini juu ya dali, kila mara, ameiweka nukta yake.