Laptopu ya hisa: viini vingapi vinatosha?

Maswali ya safari hii yametoka Tabora mjini na Kigoma Ujiji, na mengi yanazunguka jambo moja: prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye viini vingi, yaani vitengo vya kufanyia hesabu ambavyo madukani huitwa "kori", inamsaidia nini mtu anayenunua na kuuza hisa?

Wakuu, nina hisa chache za CRDB na NMB na nataka kuongeza. Muuzaji ananiambia bila laptopu ya i7 (prosesa ya Intel ya daraja la juu) siwezi kufuatilia soko. Ni kweli? (Isevya, Tabora)

Si kweli. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina programu ya simu, Hisa Kiganjani, na dalali wako anapokea oda bila kuuliza una prosesa gani. Ukitaka kuweka hesabu zako kwenye Excel, laptopu yoyote yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (diski ya kisasa yenye kasi) inatosha. Hela ya i7 inunulie hisa.

Natumia MetaTrader 5, programu ya chati na oda, kwa hisa za Marekani. Nikiipima roboti yangu (programu ndogo inayonunua na kuuza yenyewe) kwa data za miaka ya nyuma, kazi inakesha. Laptopu ni i7 ya kizazi cha 7, RAM GB 8. Tatizo nini? (Mwanga, Kigoma)

Tatizo la kwanza ni kuamini herufi iliyobandikwa kwenye laptopu. i7-7500U, ambayo ndiyo imejaa kwenye mashine za kizazi hicho, ina viini viwili tu na nyuzi nne (uzi ni njia moja ya kazi; hapa kila kiini kina mbili). i5-8250U ya mwaka 2017, inayoonekana ndogo kwa jina, ina viini vinne na nyuzi nane. Hakikisha mwenyewe: bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Performance, kisha CPU. Chini ya grafu utaona mstari wa Cores (viini) na wa Logical processors (nyuzi). Namba hizo ndizo za kununulia.

Pili, angalia ni kipimo cha aina gani unachofanya. Ukiendesha jaribio moja lenye mipangilio moja, MetaTrader 5 hutumia wakala mmoja (kijiprogramu chake cha kufanyia vipimo), yaani uzi mmoja, hata mashine iwe na viini kumi na sita. Ukiwasha sehemu ya Optimization, ambapo programu inajaribu mamia ya mipangilio, hapo kila uzi unapewa wakala wake na kazi inagawanyika. Ni kama kuanika dagaa pale Kibirizi: watu wanane wakipewa ndoo nane, kazi inaisha upesi, ndoo ikiwa moja, saba wanaangalia. Kwa jaribio moja moja, kinachokufaa ni kasi ya kiini kimoja. Na kama bado kuna mtu anakusifia MetaTrader 4, kipimo chake hakigawanyi kazi kabisa.

Tatu ni RAM, na hapa ndipo wengi wanapokwama baada ya kununua mashine mpya. Kila wakala hujifungulia data yake. Mawakala wanane kwenye GB 8, ambazo Windows imekwisha kumega fungu lake, wanaishia kusukumia data kwenye diski, na mashine ya viini vinne inakuwa nzito kuliko ile ya viwili. Kwa nyuzi nane, weka GB 16, vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu viwili husomwa kwa pamoja. Ukiwa bado na GB 8, nenda kwenye kichupo cha Agents, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya wakala na uchague Disable, bakiza wanne. Mara kwa mara tazama pia folda ya Tester ndani ya MetaQuotes, maana data za vipimo hurundikana humo hadi SSD ya GB 256 inalia imejaa.

Chati zangu zinaganda, lakini Task Manager inasema CPU imetumika asilimia 14 tu. Laptopu ni nzima kweli? (Ujiji)

Nzima. Mashine yenye nyuzi nane, uzi mmoja ukijaa kabisa unaonekana kama asilimia 12.5 ya jumla. Bofya kitufe cha kulia juu ya grafu ya CPU, chagua Change graph to, halafu Logical processors. Huenda ukaona kisanduku kimoja kimepanda hadi juu na saba vimelala.

Sababu ni kwamba katika MetaTrader 5 viashiria (mistari ya hesabu inayochorwa juu ya chati) vyote vya hisa ya kampuni moja hupita kwenye uzi mmoja. Ukifungua chati sita za hisa ileile, zote zinapanga foleni. Roboti ndizo zenye uzi wake kila moja. Punguza Max bars in chart (idadi ya vijiti vya bei kwenye chati) hadi 10,000 hivi (Tools, Options, Charts), zima programu na uiwashe tena. Kisha ondoa viashiria kimoja kimoja. Mkosaji mara nyingi ni kile cha bure ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, kinachohesabu chati nzima upya kila bei inapobadilika.

Viini vinane vitafanya oda yangu ifike New York haraka? (Gungu, Kigoma)

Hapana. Kutoka Kigoma hadi New York ni zaidi ya kilomita 11,000, na mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 110 hata waya ungenyooka kama rula, na haujanyooka.

Umeme wetu unapenda kukatika jioni. Ninunue laptopu gani? (Cheyo, Tabora)

Jioni ndiyo saa yenyewe. Soko la New York hufunguka saa 10:30 jioni yetu na kufungwa saa 5 usiku; kuanzia Novemba hadi Machi, wenzetu wakirudisha saa zao nyuma, ni saa 11:30 jioni hadi saa 6 usiku.

Chukua prosesa inayoishia na U, si H. Ya U imeundwa kwa wati 15 hivi, ya H kwa 45, na betri inajua tofauti hiyo. ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, hivyo unabadilisha ya nje bila kuzima mashine. Router nayo inahitaji chakula chake: nyingi hutumia volti 12, zisome kwenye adapta yake kabla ya kununua betri ya akiba.

Kubwa kuliko laptopu: Stop Loss, oda ya kufunga biashara hasara ikifika kiwango ulichoweka, hukaa kwenye seva ya dalali, inafanya kazi hata umezima. Trailing Stop, inayosogeza kiwango hicho kadiri bei inavyokwenda upande wako, hukaa kwenye laptopu yako. Mashine ikizima, inabaki pale ilipoishia, na roboti vilevile. Anayetegemea Trailing Stop au roboti akodi VPS (kompyuta ya mbali inayowaka muda wote), halafu laptopu iwe ya kutazamia tu.

Naagiza iliyotumika kutoka Kariakoo. Ndugu yangu ataipokea dukani. Aikague vipi? (Ng'ambo, Tabora)

Awe na flashi yenye 7-Zip, programu ya kubana mafaili iliyo na kipimo cha prosesa ndani yake. Afungue Tools, Benchmark, aiache kwa dakika 15 huku akitazama Speed kwenye Task Manager. Ikishuka na kukaa chini ya Base speed (kasi ya kawaida ya prosesa, imeandikwa hapohapo), feni imejaa vumbi au pesti ya joto imekauka. Kwa joto la Tabora la Oktoba hali itakuwa mbaya zaidi. Adai isafishwe kwanza.

Kisha kwenye Command Prompt aandike powercfg /batteryreport, afungue faili, alinganishe Design capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full charge capacity (uwezo wake wa sasa). Ikibaki nusu, bei ishuke. Prosesa ya Intel isiwe chini ya kizazi cha 8, la sivyo Windows 11 haiikubali, na Windows 10 Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida Oktoba 2025.

Asome na chaja. T480 ikipewa chaja ya wati ndogo badala ya 65, prosesa inaweza kujipunguza kasi, na utalaumu viini bure.