Kitufe Kimoja cha Kabati la Michezo

Juma lililopita msomaji mmoja wa Malindi aliniandikia kwamba amechoka kuinama nyuma ya kabati lake la michezo ya video kila jioni, akipapasa swichi ya kompyuta iliyomo ndani, ya skrini, ya amplifaya na ya taa ya juu, akauliza kama kitufe kimoja chaweza kuviwasha vyote. Namjibu kwa aibu yangu mwenyewe.

Kabati langu lipo sebuleni, Langoni, Lamu. Hapo mwanzo nilijiona mjanja: niliiagiza BIOS, yaani programu ya mipangilio ya bodi kuu, iiwashe kompyuta kila umeme unaporudi, nikachomeka vyote kwenye soketi moja ya ukutani, na kwa wiki mbili hapakuwa na mgeni ambaye hakuonyeshwa. Usiku mmoja niliizima kompyuta kwenye menyu, swichi ya ukutani nikaisahau. Umeme ukakatika, ukarudi saa nane, na kabati likaamka lenyewe likipiga muziki wa mchezo kwa sauti niliyoiacha jioni. Nyumba zetu zimeshikana, mchago wa jirani uko nyuma ya ukuta wangu. Asubuhi mama wa nyumba ya pili alinikuta barazani akaniuliza, "Mwanangu, arusi ya nani ile?" Hadi leo ananiita bwana arusi, na bado hainichekeshi.

Basi, ndugu yangu, irudishe BIOS ili kompyuta ibaki imezimwa umeme unaporudi. Tafuta kitufe kinachojirudi, hata cha kuchezea kinafaa, upeleke waya zake mbili kwenye pini za PWR_SW, yaani za swichi ya kuwashia, za bodi kuu; upi ukae upande gani si hoja, kwa sababu kitufe huziunganisha tu kwa kitambo kidogo.

Skrini, amplifaya na taa zifuate kwa rilei ya volti 12, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo, inayolishwa na waya wa manjano na mweusi wa plagi ya Molex, ile ya pini nne, itokayo kwenye pawa saplai ya kompyuta. Kompyuta ikiwaka, rilei hunata na kupitisha umeme wa volti 240, ikizima, huachia. Mimi nilianza kwa kuilisha kutoka USB, nikahangaika siku tatu na taa isiyozimika, kumbe bodi nyingi huacha USB ina umeme hata baada ya kuzimwa. Kati ya waya za umeme huo wa volti 240, wa moto, wa kahawia, ndio pekee unaopita kwenye rilei, nayo iwe imeandikwa angalau ampea 10 kwa volti 250. Wa buluu na wa ardhi usiikate. Chomoa plagi kabla ya kufungua chochote, na usione haya kumwita fundi wa umeme. Rilei itie ndani ya boksi la plastiki, maana yangu ya kwanza iliota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi.

Mwisho, panga kompyuta ijizime kwa utaratibu kitufe kinapobonyezwa mara moja. Kukishikilia kwa sekunde 4 huikata ghafla, na ndiyo sababu changu nimekificha chini ya meza ya vitufe, wasikokufikia wapwa zangu.