Kwa Anayeanza Kazi ya Sera za Afya ya Mtoto: Mtafute Kwanza Asiyefika

Mwenzangu unayeanza kazi katika ofisi inayoshughulikia afya ya mtoto, huenda jambo la kwanza utakalokabidhiwa likawa taarifa ya robo mwaka yenye majedwali ya waliochanjwa, waliotibiwa na waliolazwa. Isome yote, ila ujue kwamba inahesabu waliofika tu. Mara nyingi mtoto anayeihitaji sera hiyo kuliko wenzake hayumo kabisa katika jedwali, na sehemu kubwa ya kazi yako ni kumtafuta.

Anza na chanjo, kwa kuwa ndiyo huduma ya mtoto iliyowekewa kumbukumbu nzuri zaidi. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipozindua mpango wa kupanua chanjo mwaka 1974, nchi nyingi zimejenga utaratibu wa rejista na kadi unaokuwezesha kumfuatilia mtoto kutoka dozi moja hadi nyingine. Linganisha waliopata dozi ya kwanza ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro na waliopata ya tatu. Ikiwa wa kwanza ni wengi na wa tatu ni wachache, wazazi wanaijua njia ya kituo na wamekwisha kuipita. Kuna jambo lililowafanya wasirudi. Ikiwa hata wa kwanza ni wachache, kikwazo kiko kabla ya mlango: umbali, nauli, ruhusa ya kutoka nyumbani, au mtoto kutoandikishwa popote tangu kuzaliwa. Nimeona kampeni za uhamasishaji zikipelekwa mahali ambapo wazazi walikwisha kuhamasika, wakaja, wakachoka. Na ukikuta kiwango cha chanjo kimepita asilimia 100, usishangilie: ama makadirio ya idadi ya watoto yamepitwa na wakati, ama wamehesabiwa na watoto wa maeneo jirani, ama kuna mkono uliojaza fomu kwa ukarimu.

Hilo linalowafanya wazazi wasirudi kwa kawaida ni dogo kiasi kwamba halionekani kutoka ofisini. Chanjo ya surua, kwa mfano, mara nyingi huja katika kichupa cha dozi 10, nayo ikishachanganywa na kimiminika chake haina budi kutumika ndani ya saa 6 au kutupwa kliniki inapofungwa, kutegemea lipi limetangulia. Muuguzi anayeulizwa kila mwezi kwa nini dozi zimeharibika atasita kufungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja. Atamwomba mama arudi siku ambayo watoto watakuwa wengi, na mama aliyeacha kibarua chake ili aje huenda asirudi tena. Hakuna aliyekusudia ubaya, na rejista haiandiki chochote kuhusu safari hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja anayestahili, lakini ushauri huo hauwezi kushindana na fomu ya ugavi inayomhesabia muuguzi upotevu kuwa ni kosa. Basi unapoandaa mwongozo, taja ndani yake kiasi cha upotevu kinachokubalika, na uhakikishe makisio ya kuagiza chanjo yamekizingatia. Vinginevyo umemwachia muuguzi achague kati ya mtoto na karipio.

Suala la malipo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu linavutia matamko. Kutangaza kwamba watoto walio chini ya miaka mitano watatibiwa bure ni uamuzi mzuri, na pale malipo yanapoondolewa mahudhurio kwa kawaida hupanda. Hata hivyo, fedha zile ndogo zilizokuwa zikikusanywa dirishani zilikuwa na kazi: zililipa mfanya usafi, zikanunua glavu, wakati mwingine na mafuta ya jenereta. Zikiondolewa bila kufidiwa, wagonjwa wanaongezeka huku dawa zikiisha, na mzazi anapewa cheti aende kununua nje kwa bei iliyo juu kuliko ada aliyosamehewa. Kwenye karatasi huduma ni bure, ilhali mfukoni imepanda. Kabla hujaunga mkono waraka wa aina hiyo, uliza kasma ipi, yaani fungu lipi la bajeti, itaziba pengo, fedha zitafika kituoni lini, na nani atakayejua zikichelewa.

Usiishie kwenye uchunguzi wa milango ya vituo. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano duniani vilikuwa zaidi ya milioni 12 mwaka 1990 na vilishuka chini ya milioni 5 mwaka 2022. Karibu nusu ya vifo hivyo vya 2022 vilikuwa vya watoto wachanga katika siku 28 za mwanzo, jambo linaloirudisha hoja kwenye chumba cha kujifungulia, hasa usiku. Tena baadhi ya hatua zilizowafaa sana watoto hazikupitia wizara ya afya pekee: chumvi kutiwa madini joto, au petroli ya magari kuondolewa madini ya risasi, kazi ambayo duniani ilikamilika mwaka 2021. Jizoeze kusoma sheria za biashara, viwanda na uandikishaji wa vizazi, ingawa hakuna atakayekutuma.

Mwisho, fahamu kalenda ya fedha kuliko unavyofahamu kalenda ya mikutano. Hoja ikifika hazina baada ya ukomo wa bajeti kupangwa, hata iwe na ushahidi wa namna gani, itasubiri mwaka mwingine. Ipeleke miezi kadhaa kabla, katika ukurasa mmoja au miwili, ikionyesha gharama ya mwaka wa kwanza na ya miaka inayofuata, kwa kuwa mishahara na umeme wa majokofu haviishi mradi unapofungwa. Kisha mtafute ofisa wa bajeti atakayeupokea ukurasa huo, umweleze ana kwa ana habari ya kile kichupa cha chanjo ya surua. Jedwali ataliona baadaye.