Msizifunge nyimbo zote kwenye video

Swali la wiki lilikuwa hili: bendi ndogo ya panki ya kielektroniki ikitaka kuipiga jukwaani albamu yenye dhana moja, muziki na video vikienda sambamba, ianzie wapi? Ianze kwa kuamua nyimbo zipi hazitafungwa kwenye video, yaani hazitapigwa kwa kufuata muda wa video.

Devo wa Akron, Ohio, walijenga kazi yao juu ya dai moja: binadamu haendelei, anarudi nyuma. Mwaka 1976 walitengeneza filamu fupi ya dhana hiyo, wakawa wanaionyesha kabla ya kupanda jukwaani. Hapo hapakuwa na haja ya kuoanisha picha na muziki. Filamu ikiisha, bendi inaanza. Kwenye ziara ya 1982 ndipo walipopiga mbele ya skrini ya futi 12 iliyomulikwa kwa nyuma, picha ikifuatana na muziki, na hata wao walifanya hivyo kwa nyimbo saba tu. Wimbo uliofungwa haurefushwi hata ukumbi uwake moto. Wasikilizeni Duma wa Nairobi kwenye albamu yao ya 2020 (jina ni la Kikuyu, maana yake giza, si yule mnyama): koo la Martin Khanja juu ya mitambo ya Sam Karugu. Sauti kama ile ukiipangia sekunde umeiua.

Kwa nyimbo mlizochagua, tengenezeni faili moja la video lenye njia mbili za sauti. Njia ya kushoto ibebe muziki wote wa mashine, kwa mono (sauti ya njia moja). Ya kulia ibebe kliki (mlio wa kuhesabia mapigo) peke yake, ikitangulia kwa mapigo manane. Kushoto iende kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), kulia iende kwenye hedifoni za mpiga dramu. Kwa kuwa vyote vimo ndani ya faili moja, haviachani njiani. Wekeni utepe mwekundu kwenye waya wa kliki. Ukichomekwa kusiko, spika kubwa zinalia tik-tik-tik na mpiga dramu hasikii kitu.

Vikiachana hata hivyo, kosa mara nyingi liko kwenye matayarisho. Simu hubadilisha idadi ya fremu (picha mojamoja za video) kwa sekunde kadiri mwanga unavyopungua, basi video yake igeuzeni kwanza iwe fremu 25 zisizobadilika. Sauti iwe ya kHz 48 (sampuli 48,000 kwa sekunde) mwanzo hadi mwisho. Ya 44.1 ikisomwa kama 48, wimbo unakimbia kwa karibu asilimia 9, sauti ya mashine inapanda juu na gitaa linabaki chini.

Projekta nayo huchelewesha picha. Pigeni faili lenye mmweko mmoja na mlio mmoja kwa wakati uleule, mrekodi kwa simu kutoka walipo watazamaji, kisha mhesabu fremu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kuchelewa fremu 3 ni milisekunde 120. Wimbo wa mapigo 150 kwa dakika una milisekunde 400 kwa pigo, kwa hiyo hiyo ni karibu theluthi ya pigo, na jicho linaliona. Tangulizeni picha ndani ya faili kwa kiasi hicho.

Mngurumo wa Hz 50 ukianza pale tu laptopu inapochomekwa kwenye chaji, pitisheni sauti kwenye DI boksi (kisanduku cha kuunganishia ala na mikisa) yenye transfoma. Waya wa ethi (wa ardhini) usikatwe, fundi aseme asemavyo.

Halafu umeme. Laptopu ina betri, projekta haina. Umeme ukipotea sekunde mbili, projekta ya balbu inazimika na huenda isiwake mpaka ipoe, dakika kadhaa, nanyi mko katikati ya hadithi. Nunueni UPS (betri ya akiba ya kushika umeme ukikatika) ya projekta na ya kadi ya sauti kabla ya sintesaiza nyingine. Mpiga dramu awe na swichi ya kukata kliki karibu na mguu, na kila wimbo uliofungwa ufanyiwe mazoezi mara kadhaa bila faili, ili skrini ikifa amalizie kwa mikono.