Usinunue boti kabla hujajua kufunga fundo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Njiro, Arusha, aliniandikia. Ameangalia video za Wamarekani wanaovua samaki aitwaye bass mpaka usiku wa manane, ameshanunua fimbo tatu, rili mbili za kukunjia mshipi na sanduku la chambo bandia la rangi zote za kanga. Sasa anatafuta boti. Swali lake: "Kaka, nikija bwawa la Nyumba ya Mungu nianze na chambo cha rangi gani?"

Nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana huyo kijana ni mimi wa miaka sita iliyopita, sanduku la rangi pamoja na yote.

Mdogo wangu, bass hayupo Nyumba ya Mungu. Ukimtaka huyo karibu na hapa, vuka mpaka uende Naivasha, Kenya, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Yule ni samaki wa kuvizia: anajificha kwenye majani na kurukia kinachopita kikimeta, ndiyo maana wale wa kwenye video wana vitu vya kumeta. Sisi tuna perege na kambare. Kambare anatafuta chakula kwa sharubu na kwa harufu, kwenye maji ya tope ambayo ukizamisha mkono huoni vidole vyako. Mnyoo wa plastiki wa zambarau unamwambia nini? Mpelekee panzi, minyoo ya shambani, utumbo wa kuku uliolala siku moja. Kuna wavuvi wanaomtegea hata kwa kipande cha sabuni ya mche, na anakamatika. Perege mpe ugali uliokandwa ukakazana, na ndoana ndogo.

Mimi hayo niliyajua baada ya kumwaga zaidi ya laki nne kwenye plastiki. Mke wangu bado anazikuta kabatini.

Siku ya kwanza kufika Lang'ata, kijiji cha wavuvi kando ya bwawa hilo, nilikuwa nimevaa kizibao chenye mifuko kumi na miwani ya kiza. Nikamsalimia mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mangi. Hiyo fimbo ni ya kuvulia au ya kutafutia mtandao?" Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Nilikasirika, lakini siku hiyohiyo yule mzee ndiye aliyenifundisha jambo ambalo hakuna video iliyonifundisha.

Ilikuwa hivi. Saa kumi na moja jioni kambare alinasa. Si wa kubahatisha, mkubwa. Fimbo ilipinda mpaka kwenye mpini, nikamwona mgongo mara moja, mweusi kama tairi. Kisha uzito ukatoweka. Mshipi ulirudi mtupu, ncha yake imejikunjakunja kama mkia wa nguruwe. Nikaanza kulaani duka: wameniuzia nailoni feki! Mzee akaishika ile ncha, akaitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, uzi haujakatika. Ukikatika ncha haijikunji hivi. Hapa fundo limefunguka." Yaani fimbo ya bei ile, rili ya bei ile, na samaki ameondoka kwa sababu sijui kufunga uzi kwenye ndoana. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Basi shika hapa. Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, uzungushe kwenye uzi wenyewe mara tano au sita, rudisha ncha kwenye kijitundu kilicho jirani na ndoana, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lilowanishe fundo kwa mate. Wengi wanaliruka hilo! Nailoni kavu ikisuguana inapata joto, na joto linaidhoofisha palepale unapoitegemea. Kaza polepole, halafu vuta kwa nguvu kama una ugomvi nayo. Bora ikuachie ukiwa pwani. Na breki ya rili usiikaze kama kifuniko cha gesi: mshipi unaohimili kilo 9, breki iwe inaachia ukivuta kwa kilo 2 au 3. Nailoni iliyoanikwa juani msimu mzima kwenye dashibodi ya gari itupe, usiionee huruma.

Sasa boti. Hapa ndipo penye kidonda.

Nililinunua kwa kuchanga na shemeji yangu, nusu kwa nusu. Boti la faiba, mtumba, lenye mashine ya farasi 15. Tulilipiga rangi, tukaliandika jina, tukapiga picha. Kisha likakaa miezi mitano bila kuguswa, kila mtu akidhani mwenzake amelitazama. Mwezi wa nane tukaingia majini. Tulipofika mbali nikaona mashine haitemi maji. Ule mchirizi unaotoka pembeni ndio unaokuambia maji ya kupoza yanazunguka; usipouona, zima. Mimi sikuzima. Nilisema tufike kwanza. Ilipiga mluzi, ikanyamaza, na upepo wa mchana ukaanza kutusukuma kuelekea upande wa Simanjiro, tuna kasia moja, bwawa lina mamba, na shemeji anasali kwa sauti.

Vijana wawili wenye mtumbwi wa kasia walituvuta. Fundi alipofungua pampu alikuta impela, kile kigurudumu cha mpira, imekauka na mabawa yake matatu yamevunjika. Kitu kidogo kuliko kiganja. Wiki ile shemeji alidai hela yake yote, nikamrudishia. Na kwenye kikao cha ukoo, mbege ikiwa imekolea, akasimulia jinsi nilivyotaka kumzamisha. Mimi peke yangu! Kana kwamba lile boti lilikuwa na mwenyewe mmoja.

Tangu hapo nina utaratibu, na sibembelezi mtu. Nikirudi naichovya mashine kwenye pipa la maji safi na kuiwasha kidogo. Kisha nachomoa mpira wa mafuta ikiwa inanguruma mpaka ijizimie yenyewe, kabureta ibaki tupu, maana petroli iliyolala humo inageuka gundi. Navua propela na kutazama kama kuna mshipi umejisokota kwenye ekseli. Ukiuacha unakata sili, maji yanaingia kwenye gia. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, tayari yameingia. Kuchanganya mafuta, mashine yangu inakula lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Ya kwako soma kijitabu chake, usimsikilize kila fundi. Kizibo cha chini ya boti nimekifunga kwa kamba pamoja na ufunguo, na sababu yake sitaisimulia hapa.

Nyinyi vijana mnapenda kununua. Kulowanisha fundo hakupigiwi picha, basi hamtaki. Na leseni nayo hamkati! Bwawa lile limewahi kufungwa kabisa kwa uvuvi ili samaki wazaliane, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kujaza gari mafuta.

Jumamosi iliyopita nilitoa kambare wa kilo 9, kwa fimbo ileile na utumbo wa kuku. Yule mzee alimpima kwa macho, akasema tu, "Haya, mangi." Nimeridhika nayo kuliko cheti.

Kijana wa Njiro, njoo Jumamosi ijayo. Sanduku la rangi liache nyumbani, njoo na kofia na maji ya kunywa, utakaa mbele. Na wewe shemeji, kama unasoma, nusu ya bei ya impela bado sijaiona.