Ukuta wa mayai kule Bukini

SWALI: Shikamoo mhariri. Mjomba wangu ni baharia, amerudi toka Madagaska anatuambia kuna ngome ya mfalme juu ya kilima ukuta wake umejengwa kwa mayai, nyumba nzima tukamcheka. Hivi ni kweli? Na huyo mfalme alikuwa anakaa jumba la namna gani? Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Muombeni mjomba radhi, hajadanganya. Ngome hiyo inaitwa Ambohimanga, iko kama kilomita 24 toka mji mkuu Antananarivo, kwenye nchi ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Bukini. Ukuta wenyewe ni wa mawe, sasa mayai yanaingia kwenye plasta, chokaa ilichanganywa na ute wa mayai ili ishike vizuri, na inasemekana Malkia Ranavalona wa kwanza alipoukarabati mwaka 1847 yalienda mayai milioni 16! Halafu geti lake ni jiwe la duara kama jiwe kubwa la kusagia, mita 4.5 toka ukingo mpaka ukingo, uzito kama tani 12, enzi hizo ikifika jioni kundi la wanaume walikuwa wanalisukuma kufunga, asubuhi wanalisukuma tena kufungua.

Jumba sasa. Mfalme Andrianampoinimerina, yule aliyewaunganisha Wamerina, kabila la nyanda za juu kule Madagaska, na kutawala mpaka 1810, alikaa kwenye chumba kimoja tu cha mbao, maana kwa mila yao enzi hizo mawe yalikuwa ya makaburi na walio hai walilala kwenye mbao. Ndani kuna mafiga, kuna kitanda kilichoinuliwa juu sana kwenye kona ya kaskazini mashariki ambayo ni kona ya mizimu ya wazee, na katikati nguzo ya gogo moja, kama mita 10 kwenda juu. Wenyeji wanasimulia kwamba mgeni akibisha hodi mfalme anapanda kujificha juu ya nguzo, akiona mtu mwenyewe hana shida anadondosha kijiwe, mkewe anajua amkaribishe. Mimi hapo ndipo panaponigusa kuliko hata hayo mayai.

Wafaransa mwaka 1897 walifukua mabaki ya wafalme wakayahamishia Antananarivo ili watu waache kupaheshimu, lakini mpaka leo watu wanapanda kilimani kuomba baraka, na UNESCO wamepaweka kwenye urithi wa dunia tangu 2001.

Mjomba akirudi tena, ile nyumba unaingia kwa mguu wa kulia na unatoka kinyumenyume.