Barafu kavu mu garaje: maswali yenu

Tangu ile video ya jamaa anasafisha chini ya gari na moshi mweupe wa barafu kavu imezunguka mu WhatsApp za Goma, maswali inakuja tu. Nimechukua yale yanarudi-rudi.

Eti inasafisha motere bila maji, ni kweli ao ni publisite? (mekanisie, Birere)

Ni kweli kaka. Haiko barafu ya maji, ni gazi kaboniki iliyogandishwa, digri 78,5 chini ya sifuri. Wanaikamua vipunje vya milimita 3 hivi, kompresere inavirusha na presio. Kikigonga grese, ile grese inakauka na baridi inapasuka, chuma hakisinyai sawa na uchafu njo maana vinaachana, halafu kipunje kinageuka gazi palepale na gazi inataka nafasi mara mamia kushinda barafu, basi inanyanyua uchafu kutoka chini. Hakubaki maji wala mchanga. Grese yenyewe inabaki, imetawanyika chini, na hiyo ya kuokota hawakuonyeshi mu video.

Viwanda vya magari wanaitumia wapi? (mwanafunzi wa mekanike, Himbi)

Zaidi kwa mamule, vile vyombo vya kupatia kitu umbo lake. Chukua tairi: inapikwa ndani ya mule ya moto, na kidogo kidogo mabaki ya kaucu (mpira) inaziba vitundu vya kutolea hewa na mistari ya maua ya tairi. Zamani unazima, unangoja ipoe, unafungua mule, unaipeleka kupigwa mchanga, na mchanga unakula zile kona kali kila mara, mwisho mule inaharibika. Na barafu kavu wanasafisha ingali moto, papo hapo mu presi, na tena umoto unasaidia sababu tofauti kati ya moto na baridi inakuwa kubwa zaidi. Vilevile mamule ya musi (sponji) ya viti, na vishikio vya roboti za kuchomelea chuma (sudere) zinazojaa matone ya chuma. Faida kubwa njo ile: kiwanda hakisimami sana. Garaje yetu yenye gari mbili kwa siku haina hesabu kama hiyo, tusidanganyane.

Gari yangu chini imekula kutu, itanisaidia? (dada wa Katindo)

Hapana dada. Ile barafu ni laini, inatoa matope, grese, rangi iliyokwisha kubanduka na kutu ya juu juu. Kutu iliyoingia ndani inataka brosi ya chuma ao mchanga, na pengine sudere. Matope na vumbi ya volkano, maji ya kawaida inatosha.

Hatari yake ni nini? Niko na fose, shimo la kufanyia kazi chini ya gari. (patro wa garaje, Ndosho)

Papa, hapa njo nataka usome mara mbili. Barafu ikiyeyuka haiendi popote, inakuwa gazi kaboniki, na gazi hii ni nzito kuliko hewa, haina rangi, inashuka inajaa shimo. Watu wa njia ya Sake wanajua mazuku, mbuzi anaingia mu kishimo na hatoki: ni gazi ileile. Ikifika sehemu 10 kwa 100 za hewa mtu anazimia haraka, na mwenzake akiruka kumtoa naye anabaki. Kwa hiyo mtu asiingie mu fose, gari ipandishwe juu, kazi ifanyike inje ao milango yote wazi na vantilatere inavuta hewa kutoka chini. Glavu nene (mkono mtupu unaungua na baridi), miwani, na vizuia masikio maana kelele inapita desibeli 100.

Na waya za umeme?

Inaweza, haipitishi umeme kama maji. Ila toa batri kwanza, funga waya ya masi, na ungoja ikauke, sababu kitu kikipoa hivyo unyevu wa hewa unakishika kinatoka jasho.

Si tuitengeneze na gazi ya Ziwa Kivu?

Gazi kaboniki iko nyingi mle, karibu kilomita kyubiki 300, kushinda metani mara tano hivi. Lakini lazima itoke majini, itenganishwe na metani na ile gazi yenye kunuka mayai mabovu, isafishwe, igeuzwe kimiminika na presio, ndipo ikiachiliwa inakuwa theluji ya kukandamiza. Ni kiwanda kizima, ndugu.

Nikipata kilo chache naweka mu termosi?

Usifunge kabisa! Gazi haina pa kutokea, termosi inalipuka. Weka mu sanduku ya frigolite (ile povu nyeupe ngumu) yenye kifuniko kisichobana, na kama unaibeba mu gari, vioo wazi njia yote.